BAHARI ILIKUWA NA SHERIA YAKE
Historia ya uvuvi wa pwani ya kusini, kutoka Diani hadi Msambweni



Shukrani zote njema zamstahiki Allah (S.W.), aliyeitiisha bahari ili tule kutoka humo nyama iliyo mbichi na laini. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, jioni ya leo ukikaa kwenye jamvi kungoja adhana ya maghribi, itazame sinia iliyo mbele yako. Tende zatoka Uarabuni, hilo twalijua. Mihogo yatoka shamba. Na huyo samaki je? Changu wa kupaka, au vile vijitafi vidogo vya kukaanga tunavyonunua kwa mama karanga nje ya msikiti, vimefikaje hapo? Wengi wetu hatuulizi. Tunalouliza ni bei tu, manake kila Ramadhan ikiingia bei ya samaki hupanda, na kila mwaka twalalamika vilevile.

Nataka tuulize zaidi ya bei. Tumesoma madrasa historia ya Badr na ya kufunguliwa Makka, na ni wajibu tuzijue. Lakini tuna historia nyingine iko hapa chini ya miguu yetu, mchangani, na wenye kuijua wanaondoka mmoja mmoja.

Kwanza nikukumbushe kisa kimoja cha maswahaba, manake chahusu bahari. Mwaka wa 8 Hijria Mtume (S.A.W.) alituma kikosi cha watu mia tatu upande wa pwani, amiri wao akiwa Abu Ubayda bin al-Jarrah (R.A.). Chakula kikawaishia njiani. Ikafika hadi kila mtu apewa tende moja kwa siku, aifyonze kama mtoto, kisha anywe maji. Wakapiga majani ya miti kwa fimbo wakayala, ndiyo sababu jeshi lile likaitwa la Khabat. Mwisho bahari ikawatupia samaki mkubwa mno aitwaye anbar. Jabir bin Abdullah (R.A.) asimulia kwamba walimla takriban nusu mwezi, na zipo riwaya zinazotaja zaidi. Waliporudi Madina wakamuuliza Mtume (S.A.W.), naye akawaeleza kuwa hiyo ilikuwa ni riziki Allah aliyowatolea, akaomba kilichosalia naye akala. Wanavyuoni wakatoa hapo, pamoja na dalili nyingine, hukumu tunayoijua sote: kiumbe cha baharini hakihitaji kuchinjwa.

Sasa turudi kwetu.

MWEZI, UPEPO NA MAJI

Ukitoka feri ya Likoni ukafuata barabara ya Lunga Lunga, wapita Tiwi, Ukunda na Diani, kisha Galu, Kinondo, kisiwa cha Chale, Gazi na mikoko yake, ndipo Msambweni. Mbele kidogo ni Funzi, Shimoni, Wasini, na mwisho Vanga mpakani. Karibu njia yote hiyo mwamba wa matumbawe umesimama mbele ya ufuo kama ukuta. Ndani ya mwamba maji ni ya kiasi, yana majani na mawe, na humo hukaa tafi, pono, changu, tewa, mkundaji na pweza. Nje ya mwamba ni bahari kuu, ya nguru, jodari na papa.

Mvuvi wa kwetu hakuwa na kalenda ya ukutani. Alikuwa na pepo mbili. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi hivi, bahari hutulia na vyombo hutoka nje. Kusi, kuanzia Aprili na kukaza miezi ya Juni, Julai na Agosti, bahari huchafuka, na mwenye mtumbwi mdogo hubaki ndani ya mwamba au hubaki nyumbani kabisa. Juu ya pepo hizo alikuwa na mwezi, huu huu tunaougombania kila mwisho wa Shaabani. Mwezi ukiandama na ukipevuka, maji huwa ya bamvua, hujaa sana na kukauka sana. Katikati yake huwa maji mafu. Siku za bamvua pwani yetu hukauka mnamo saa nne na saa tano asubuhi, na hapo ndipo utawaona akina mama na watoto wameenea mwambani na vijiti vyao, wanatafuta pweza kwenye mashimo.

Mwezi wetu wa Kiislamu hautembei na pepo. Kila mwaka hurudi nyuma siku kumi hivi. Ramadhan ya 2014 iliangukia mwisho wa Juni na Julai, kusi limekaza, na samaki alikuwa adimu hasa. Ramadhan ya 2025 ilianza Machi, kaskazi ikali ndefu, wavuvi wakitoka. Kwa hiyo ukisikia mzee akisema Ramadhan fulani ilikuwa ya dhiki na fulani ilikuwa ya neema, usidhani ni maneno ya uzee. Yuasoma tarehe mbili kwa pamoja.

LEMA LENYE MIAKA ELFU MBILI

Kuna kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani karne ya kwanza Miladia, kabla ya Mtume wetu kuzaliwa kwa zaidi ya miaka mia tano. Chaitwa Periplus. Mwandishi wake ataja kisiwa kimoja cha pwani hii ya Afrika Mashariki, ambacho wataalamu wengine wasema ni Pemba na wengine Unguja au Mafia, na asimulia kuwa watu wake walikuwa na vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo, na kwamba walivua kwa vikapu vilivyosukwa, wakivitega kwenye midomo ya vijito maji yanapotoka.

Kikapu cha kutegea samaki! Ndugu msomaji, nenda bandari yoyote ya Diani au Msambweni leo utakikuta. Sisi twakiita lema, wengine husema dema. Chasukwa kwa fito na vipande vya miti, kina mdomo wa kuingilia unaofinya ndani, samaki aingia akifuata chambo na hajui kutoka. Kina mawe ya kukizamisha. Mwenye malema huyatega penye majani au kando ya mwamba, kesho yake au keshokutwa huenda kuyainua. Ajabu ya lema ni kwamba samaki hufika juu yungali hai. Akiwa mdogo mno, au si wa kuliwa, mvuvi aweza kumrudisha majini akaenda zake.

Zana nyingine zilikuwa mshipi, uzio wa fito uliojengwa ufuoni ili maji yakikupwa samaki wabaki ndani, na nyavu za pamba au za kumbi. Wengine walitumia utupa, mmea unaopondwa na kutiwa kwenye vidimbwi samaki wakalewa. Kwa hivyo tusiseme kila cha zamani kilikuwa kizuri. Utupa haubagui mkubwa na mdogo.

MIZIMU YA BAHARINI

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi yenu mtalichukia, lakini historia haisomwi nusu.

Uislamu katika pwani hii ni wa kale. Msikiti wa Kongo pale Diani, mto Mwachema unapoingia baharini, ni wa karne nyingi, na hadi leo waswaliwa. Lakini Wadigo wengi wa mashamba na kaya waliingia katika dini mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla ya hapo, na kwa muda mrefu baada ya hapo pia, bahari ya kusini ilikuwa na mizimu. Penye pango fulani, penye mbuyu fulani, au jiwe fulani ndani ya maji, paliaminiwa kuwa na wenyewe. Wazee waliojulikana kwa ukoo ndio waliokuwa na idhini ya mahali hapo. Kabla ya msimu kuanza, au samaki walipopotea, wazee walifanya sadaka ya bahari. Ubani ulifukizwa, chakula kikapelekwa, mnyama akachinjwa. Na wengi wakachanganya na kisomo cha Qur'an hapo hapo.

Pamoja na sadaka zile palikuwa na miko. Kuna mahali hapakuvuliwa kabisa. Kuna siku mitumbwi haikutoka. Mgeni hakuweza kushuka tu na nyavu zake akaanza kazi, ilikuwa lazima aende kwa wazee, ajulishwe, aambiwe avue wapi na kwa zana gani.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi wa malema Msambweni. Nilipokuwa na miaka kumi na tatu hivi, nimetoka madrasa na kichwa kimejaa somo la tauhidi, nilimwambia mbele ya watu kuwa sadaka ya bahari ni shirki na aliyeifanya atubu. Hakunikaripia. Alisema, "Sawa mjukuu wangu, mizimu tumeiwacha. Na wenye juya mmewaambia nini?" Sikuelewa, nikadhani yuakwepa swali. Nimekuja kulielewa chuoni, niliposoma yaliyoandikwa na watafiti kuhusu bahari ya kwetu wenyewe.

Niseme wazi ili nisifahamike vibaya. Kumchinjia asiyekuwa Allah ni haramu, hilo halina mjadala, na masheikh waliolikataza walitimiza wajibu wao. Swali la babu lilikuwa jingine. Ile miko ilikuwa imefungwa pamoja na mizimu kama mzigo mmoja. Tulipoutupa mzigo, je, tulifungua kwanza tukatazama ndani mna nini?

JUYA

Juya ni wavu mrefu wa macho madogo. Hushushwa kwa chombo ukazungushwa, kisha watu kumi, ishirini au zaidi huuvuta kuja ufuoni au kwenye kina kidogo. Huburura chini. Hung'oa majani ya bahari, huvunja matumbawe, na huja na kila kitu, mpaka samaki wa kidole ambaye angengoja mwaka mmoja tu angekuwa kitoweo cha nyumba nzima. Zamani nyavu zilikuwa za pamba, zikioza upesi na kuhitaji matunzo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja nailoni, nyepesi, haiozi, na mwenye pesa aweza kununua kubwa kuliko alizowahi kuziona baba yake. Mwenye pesa huyo mara nyingi si mvuvi. Ni tajiri wa samaki, yuko nchi kavu, wavu ni wake, na vijana wanaouvuta hugawana kinachobaki baada ya fungu lake.

Wazee wa sehemu nyingi za kusini walilipinga juya tangu mwanzo. Lakini nguvu zao zilikuwa zimeshapungua, na si kwa sababu ya madrasa peke yake. Serikali, ya kikoloni na ya baadaye, ilileta leseni. Mwenye leseni ana ruhusa ya kuvua, basi, mzee wa ukoo hana mamlaka ya kumfukuza. Kisha kuanzia miaka ya 1960 na 1970 zikaja hoteli Diani. Ufuo ukagawanywa viwanja, njia za wavuvi za kushukia baharini zikafungwa kwa kuta, nyingine zikabaki vichochoro. Baadhi ya mahali pa mizimu pakawa ndani ya ua wa hoteli. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuwa maji ni katika vitu ambavyo watu hushirikiana, lakini mvuvi wa Diani alianza kuomba njia kwa askari wa getini ili ayafikie maji ya babu zake.

Pakatokea jambo la ajabu. Mwaka 1997 watafiti wakiongozwa na Tim McClanahan walichapisha utafiti wao kuhusu uvuvi wa pwani hii ya kusini na mila zake. Walikuta kuwa mahali pengi mamlaka ya wazee yamekufa, lakini kuna sehemu ambazo wazee wamefaulu kulizuia juya kwa zaidi ya miaka 20. Pale, mvuvi mmoja alikuwa akipata samaki wengi zaidi kwa siku kuliko mwenzake wa bandari zinazovuta juya. Wazee hawakuwa na polisi wala boti ya doria. Walikuwa na neno lao tu, na vijana waliolisikia.

Watafiti hao hao walisema pia, na ni haki nilitaje, kwamba sadaka zile hazikufanywa kwa nia ya kuhifadhi samaki. Wazee waliamini samaki huja na huondoka kwa sababu nyingine, si kwa wingi wa wavuvi. Tusiwavishe babu zetu kanzu isiyokuwa yao. Walichokuwa nacho ni mazoea ya kusema "hapana" na watu wakatii, na hicho ndicho kilichokuwa kinaisha.

SERIKALI NAYO IKASEMA "HAPANA"

Upande wa Shimoni, eneo la Kisite na Mpunguti lilitangazwa hifadhi mwaka 1973, kisha likatangazwa upya 1978. Mpunguti uvuvi wa zana za kienyeji uliruhusiwa, lakini Kisite, penye mwamba mzuri kabisa, pakafungwa kwa mvuvi na kufunguliwa kwa mtalii. Wavuvi wa Wasini, Mkwiro na Shimoni walipoteza mahali walipovua tangu enzi. Ni kweli samaki wa Kisite walinenepa na kuongezeka. Ni kweli pia kuwa aliyelipa gharama hakuwa yule yule aliyevuna kwanza.

Kwa hiyo 1995 ilipotangazwa hifadhi ya bahari ya Diani na Chale, wavuvi wa huku hawakungoja kuelezwa. Walikwishaona kwa jirani. Waliipinga, wakaipinga, na kwa miaka mingi hifadhi ile ikabaki katika karatasi za gazeti la serikali. Wengine husema wavuvi wale walikuwa wajinga wasiojua maslahi yao. Mie sikubaliani. Mtu aliyefungiwa njia ya ufuo na hoteli, kisha akaambiwa na serikali kuwa sasa twafunga na maji yenyewe, atamwamini nani?

Mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto lisilo la kawaida, matumbawe yakageuka meupe na sehemu kubwa yakafa pwani nzima ya Kenya. Mwaka 2001 serikali ikapiga marufuku juya. Kumbuka tarehe hiyo. Kile wazee walichokikataza bila karatasi, serikali ilikikataza kwa karatasi baada ya kuwa wazee wamenyang'anywa sauti. Na karatasi peke yake haikutosha, juya liliendelea kuvutwa huku na kule, mchana au usiku. Mwaka 2007 zikaja kanuni za kamati za bandari, zile tunazoziita BMU, ambazo zimewapa wavuvi wenyewe haki ya kusimamia bandari yao, kuweka sheria ndogo na kumkatalia mwenye zana haramu. Kwa maneno mengine, serikali ilizunguka miaka mingi ikarudi pale pale kwa mzee aliyekaa chini ya mti akamwambia mgeni, "Wavu huo hapa haushuki."

Tuwe waadilifu kwa vijana wa juya pia. Kijana asiye na mtumbwi, asiye na malema, aliyemaliza shule hana karo ya kuendelea, kamba ya juya ndiyo kazi anayoipata kesho asubuhi bila kuulizwa cheti. Na mama karanga anayewakaangia watoto wa watu vijisamaki baada ya tarawehe, hao jodari wakubwa hawawezi, tajiri ameshawatia barafuni wakaenda Mombasa. Yeye hununua wadogo. Ukilipiga marufuku juya bila kumfikiria huyu, umemfutia futari yake. Na sisi tunaonunua vile vijitafi tumo ndani ya hesabu hii, tusijitoe.

WATU WA MJI ULIOKUWA KANDO YA BAHARI

Katika Surat al-A'raf, kuanzia aya ya 163, Allah (S.W.) atutajia mji uliokuwa kando ya bahari. Watu wake walikatazwa kuvua siku ya Sabato. Wakatahiniwa, samaki wakawa wanakuja waziwazi juu ya maji siku ile ile iliyokatazwa, na siku nyingine hawaji. Wafasiri wengi wasema mji huo ni Ayla, na waeleza hila waliyoifanya: walitega nyavu na kuchimba mifereji Ijumaa, samaki wakanaswa Jumamosi, wao wakaenda kuwachukua Jumapili, eti siku yenyewe hatukuvua.

Tumezoea kusomeshwa kisa hiki kama habari za Mayahudi na hila zao, kikapita. Hebu kisome tena ukiwa umekaa bandarini. Hapa pana watu wa pwani, kazi yao uvuvi, wamewekewa mpaka katika kuvua, na mtihani wao ni samaki waliojaa mbele ya macho yao. Watu wakagawanyika mafungu matatu. Walioasi, waliokataza, na waliowaambia wale wakatazaji: mwajisumbua nini na watu hawa? Aya yataja kwa wazi kuokoka kwa waliokuwa wakikataza. Hao wa fungu la tatu wafasiri wamekhitalifiana juu yao, na mie nikilifikiria fungu hilo nakosa raha, manake ndimo nilimokuwa.

Kwa hiyo "hapana" ya baharini si mali ya mizimu. Imo ndani ya Kitabu. Imo pia katika Sunna: Mtume (S.A.W.) aliiwekea Madina mipaka, miti yake isikatwe na mawindo yake yasifukuzwe, na akaitenga Naqi' iwe hima, malisho yaliyohifadhiwa kwa farasi wa Waislamu. Sayyidna Umar (R.A.) akafuata mwendo huo huo katika zama zake. Neno hima limo katika vitabu vya fiqhi tangu zamani. Ni sisi hatukulishusha hadi pwani.

Wapo walioshusha, tena ni jirani zetu. Kila kaskazi wavuvi wa Pemba huja dago kwetu, wakapiga kambi Vanga, Shimoni, Funzi, Gazi, mpaka Msambweni. Ni ndugu zetu katika dini na wengine ni wakwe zetu, ingawa zana zao zimeleta ugomvi si haba. Huko kwao, magharibi ya Pemba, kipo kisiwa cha Misali, ambacho wenyewe husimulia kuwa jina lake latokana na msala, na kwamba chaelekea kibla. Mwishoni mwa miaka ya 1990 eneo lake liliwekwa chini ya hifadhi, wavuvi wakaingizwa katika usimamizi. Taasisi ya Kiislamu ya mazingira kutoka Birmingham, iliyoasisiwa na Fazlun Khalid, ikashirikiana na shirika la CARE kuwafundisha wavuvi kwa aya na hadithi badala ya vitisho vya faini. Walizungumza nao habari ya ukhalifa wa mwanadamu katika ardhi, habari ya fasadi, habari ya amana. Mvuvi aliyekuwa akimcheza shere afisa wa serikali alikaa akasikiliza, manake aya haina boti ya doria, lakini humfuata hadi majini.

LEMA LENYE UPENYO

Katika miaka ya hivi karibuni watafiti na wavuvi wa pwani hii wamefanya jambo dogo kwa lile lema la miaka elfu mbili. Wamelitia upenyo mwembamba ubavuni. Samaki mdogo na mwembamba apita akaenda zake, mkubwa abaki. Wavuvi waliogopa watapata hasara. Ilionekana mapato hayakuporomoka, kwa sababu samaki mkubwa bei yake ni nzuri, na huyo mdogo aliyetoka bado yumo baharini.

Likizo iliyopita nilimpelekea babu habari hizo. Macho yake sasa hayaoni vizuri, malema yamebaki mawili nyuma ya jiko, kuku hutagia humo. Alilipapasa moja kwa kidole akatafuta ubavu ambao upenyo ungekaa, akacheka, akasema baba yake alikuwa akiacha fito moja pale bila kuifunga sawasawa, naye utotoni akidhani ni uvivu.

Kisha akaniomba nimsomee tafsiri ya ile sura ya watu wa kando ya bahari. Nikasoma polepole mpaka mwisho wa kisa. Alinyamaza muda. Adhana ya alasiri ilikuwa karibu.

"Hao waliokuwa wakikataza," akauliza, "walikuwa wavuvi na wao?"

Nikamwambia wafasiri wasema walikuwa watu wa mji ule ule, wakikaa pamoja nao.

"Basi walikuwa na njaa pia," akasema, akanyoosha mkono nimpe kopo la udhu.